Sherlock Holmes wa Granada: tusimtwishe mgonjwa makosa ya waandishi

Mama alifanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na kitu, na tangu astaafu hajaacha kuwatazama watu kwa jicho la wodini. Jioni moja nilimwekea kwenye kompyuta tamthilia ya zamani ya Kiingereza, sehemu iitwayo “The Dying Detective”, ambamo Sherlock Holmes amelala kitandani, uso umelowa jasho, midomo imemkauka, na anamfukuza rafiki yake Watson asimsogelee. Ni hila. Holmes anajifanya yuko kufani ili muuaji aje aropoke mwenyewe. Nilikuwa nangojea hila ifichuke nione Mama atakavyoshangaa, lakini yeye alinitangulia.

“Huyu mtu anaumwa,” akasema.

“Anaigiza, Mama. Ngoja mwisho utaona.”

“Jasho la kuigiza nimeliona. Mimi nasema pumzi. Tazama mabega yanavyopanda. Mtu mwenye moyo mzima havuti pumzi kwa mabega, mwanangu.”

Nikarudisha nyuma hadi mwanzo, kabla Holmes hajajilaza popote, pale anapozungumza tu kama kawaida. Mabega yanapanda. Sehemu hiyo ilirushwa Machi 1994. Septemba 1995 Jeremy Brett, mwigizaji aliyekuwa Holmes kwa miaka kumi, alifariki kwa ugonjwa wa moyo nyumbani kwake London akiwa na miaka 61.

Tangu jioni ile nimeitazama upya tamthilia yote, ya kwanza hadi ya mwisho, na nimeshindwa kukubaliana na hukumu ambayo wapenzi wake wameizoea. Hukumu yenyewe ni fupi: miaka ya mwanzo ni dhahabu, miaka ya mwisho ni makapi, na sababu ni kwamba Brett aliugua. Kwamba miaka ya mwisho ina makapi, sina ubishi. Yapo, na nitayataja kwa majina. Ninachokikataa ni hiyo sababu. Imekuwa rahisi mno kuitamka, na inamtwisha marehemu mzigo uliofungwa na watu wengine.

Tamthilia ilitengenezwa na kampuni ya Granada ya Manchester na kuonyeshwa na ITV ya Uingereza, ambayo msomaji wa Tanzania asiichanganye na kituo cha nyumbani. Sehemu ya kwanza ilitoka tarehe 24 Aprili 1984 na ya mwisho tarehe 11 Aprili 1994. Zote ni 41: 36 za saa moja moja na filamu 5 ndefu. Brett yumo katika zote. Watson walikuwa wawili: David Burke aliigiza 13 za mwanzo akaondoka, na Edward Hardwicke akachukua zilizobaki, isipokuwa moja ambayo haina Watson.

Nia yao ilikuwa kumrudisha Holmes wa Arthur Conan Doyle kama alivyoandikwa. Wakati huo watazamaji walikuwa wamezoea Holmes wa kofia ya masikio na Watson mzee bwege wa kuchekwa. Mtayarishaji Michael Cox alisimamia utungaji wa kijitabu cha ndani kilichoitwa Baker Street File, kilichoorodhesha tabia na vitu vyote vya mpelelezi na daktari wake, mpaka ile tumbaku inayowekwa ndani ya kiatu cha Kiajemi na barua zinazochomwa kwa kisu juu ya meko. Mtaa wa Baker Street, anakoishi Holmes, ulijengwa mzima mzima kwenye viwanja vya Granada pale Manchester. Picha nyingi zilipangwa zifanane na michoro ya Sidney Paget iliyotoka katika jarida la The Strand hadithi zilipochapishwa mara ya kwanza. Na kwa ajili ya “The Final Problem” ya 1985 walifunga safari hadi Uswisi, kwenye maporomoko yaleyale ya Reichenbach ambako Holmes anapambana na adui yake mkubwa, Moriarty.

Katika sehemu hizo za mwanzo Brett ni mtu wa wembe. Mwembamba, mrefu, nywele zimelazwa nyuma kwa mafuta, mkono mmoja unakata hewa anapozungumza. Anacheka ghafla, kicheko cha nusu sekunde, kisha uso unafungwa kana kwamba hapakuwa na kitu. Anaruka samani. Anajitupa sakafuni kukagua nyayo, pua karibu iguse vumbi. Aliyeanza na huyo, kisha akakutana na yule mtu mnene, mzito wa hatua wa mwaka 1994, lazima moyo umuume, na maumivu hayo ndiyo yanayotupofusha tunapohukumu.

Mambo yaliyompata Brett yanajulikana. Julai 1985 mkewe, Joan Wilson, alifariki kwa saratani. Alikuwa mtayarishaji wa televisheni mjini Boston, na ndiye aliyekuwa akisimamia kipindi kilichomwonyesha Holmes huyu kwa Wamarekani. Mwaka uliofuata Brett alivunjika, akalazwa hospitali, akaambiwa ana ugonjwa wa baipola na kuanzishiwa dawa ya lithiamu. Moyo wake ulikuwa umeshadhurika tangu ujanani kwa homa ya rumatiki, naye alikuwa mvutaji sigara wa kupindukia. Dawa ikamfanya mwili ujae maji. Ule uso uliochongwa ukavimba, na kamera haina huruma.

Sasa tazama kalenda. Kama maradhi ndiyo yaliyoiua tamthilia, kifo hicho kingeonekana kuanzia sehemu zilizofuata kulazwa kwake. Lakini mwaka 1988, baada ya hospitali na baada ya lithiamu, wametoa “The Devil's Foot”, ambayo mimi naiweka miongoni mwa tano bora kuliko zote. Holmes amepelekwa Cornwall kupumzika kwa amri ya daktari. Amejifunga skafu, hana raha, nywele amezikata fupi mno, anakaa juu ya mawe ya kale akikodolea bahari. Yeyote anayejua habari za Brett anaona kwamba mgonjwa anaigiza mgonjwa. Na humo ndimo limo tukio la mchangani: Holmes anachukua bomba la sindano ambalo kwa miaka mingi amejidunga nalo kokeini, analifukia ufukweni, anaondoka. Doyle hakuandika hivyo katika hadithi hii. Ni Brett aliyelitaka, kwa sababu alijua watoto wanamtazama Holmes, naye akaomba kwanza ruhusa kwa Dame Jean, binti wa mwandishi, akapewa. Baadaye sumu inapompanda kichwani na Watson kumburuta nje ya nyumba, Holmes akizinduka anamwita rafiki yake kwa jina lake la kwanza, “John!” Katika hadithi za Doyle hafanyi hivyo hata siku moja. Hayo ni mageuzi mawili ya wazi kwa maandishi ya asili, na yote mawili yanatoka kwa mtu anayeumwa, na yote mawili ni sahihi.

(Niseme kidogo kuhusu sumu yenyewe, maana inatuhusu. Doyle anaileta kutoka nchi ya Ubangi, anasema waganga wa huko huitumia kama sisi tunavyojua habari za mwavi, mshukiwa akinyweshwa ili ukweli ujulikane. Mzizi wenyewe haupo duniani, ameutunga. Waandishi wa Kiingereza wa zama zile walikuwa na tabia hiyo: kifo kisicho na maelezo wakakitafutia chanzo Afrika au Bara Hindi. Filamu imeirithi tabia hiyo bila kuihoji, na katika sehemu ninayoipenda kiasi hiki, hilo ndilo doa ninalolisikitikia.)

Basi kama siyo mwili wa Brett, ni nini? Kwanza, ghala la hadithi. Doyle aliandika hadithi 60 za Holmes, riwaya 4 na hadithi fupi 56. Mtu yeyote mwenye akili akianza kutengeneza tamthilia atachota juu kabisa, na Granada walichota juu: “A Scandal in Bohemia”, “The Speckled Band”, “The Red-Headed League”, “Silver Blaze”, “The Six Napoleons”. Ilipofika 1991 sufuria ilikuwa inakwanguliwa. Na Doyle mwenyewe alikuwa ameshapoa uzeeni. Kitabu chake cha mwisho cha Holmes, cha 1927, kina hadithi kadhaa ambazo hata washabiki wa kufa na kupona wanazipita haraka. “The Mazarin Stone” ilitokana na mchezo wa jukwaani na bado inanuka jukwaa. “The Three Gables” ina fumbo jepesi, na ina matusi dhidi ya mtu mweusi ambayo naona aibu hata kuyanukuu, yakitoka kinywani mwa Holmes mwenyewe. Ukitengeneza filamu kutokana na hizo umeanza na unga uliochacha, awe mpishi ana afya ya farasi.

Pili, na hili kwangu ndilo kubwa, muda. Tangu 1987 kulikuwa na mpelelezi mwingine kwenye ITV, Inspekta Morse wa Oxford, aliyeonyeshwa kwa saa mbili mbili na kuvuta watazamaji wengi. Saa mbili ikawa mtindo. Sheria mpya ya utangazaji ya 1990 ilikuwa imewaingiza wenye vituo katika mnada wa leseni, na kila kampuni ikahesabu senti. Mapema 1992 Granada yenyewe ilimpoteza mwenyekiti wake, David Plowright, katika mvutano wa aina hiyo. Cox alikuwa amerudi kutayarisha sehemu 6 za 1991. Filamu zilizofuata hazikuwa mikononi mwake. Hadithi ya Doyle ya kurasa ishirini, ambayo katika saa moja inajaa kama yai, ikatakiwa ijaze saa mbili.

Filamu za aina hiyo zilikuwa tatu, na ukizitazama kwa mfuatano utaona wazi kwamba urefu si dhambi. “The Master Blackmailer” ya Januari 1992 inatokana na hadithi fupi sana kuhusu Charles Augustus Milverton, mtu anayenunua barua za siri za wanawake wa tabaka la juu na kuwakamua nazo. Kwa Doyle, Holmes anajigeuza fundi bomba, anamchumbia mtumishi wa ndani ili apate kuijua nyumba, na jambo hilo linapita kwa mistari michache. Watson anashtuka kidogo, Holmes anasema kulikuwa hakuna namna, basi. Mwandishi wa muswada, Jeremy Paul, akaingia ndani ya mistari hiyo michache. Tunamwona msichana Agatha. Tunamwona akipenda kwa dhati. Tunamwona Holmes amesimama mbele yake, anaombwa busu, na mtu huyu anayejua aina za majivu ya tumbaku hajui afanye nini na uso wa binadamu uliomkaribia. Brett hapo ana uso mzito, macho yamezama, na uzito huo unamsaidia: si kijana mrembo anayecheza na moyo wa mtu, ni mtu mzima anayetambua amefanya uovu kwa nia njema. Mwisho Milverton anakufa, barua zinaungua, na Holmes hana furaha hata kidogo. Saa mbili zimejaa kwa sababu walichoongeza kilikuwa kimeshapandwa na Doyle, wao wakakimwagilia.

Mwaka mmoja baadaye, “The Last Vampyre” na “The Eligible Bachelor”. Hapa ndipo makapi yalipo.

Katika hadithi ya asili ya mnyonya damu, Holmes anakataa mizimu kuanzia ukurasa wa kwanza. Anasema wazi kwamba shughuli zake zina miguu ardhini na mizuka haina nafasi. Mama mmoja anashutumiwa kunyonya damu ya mwanawe mchanga, kumbe alikuwa anavuta sumu iliyotiwa na mtoto mwingine wa nyumba ile, mwenye wivu. Fumbo zuri, la kifamilia, la kuumiza. Filamu ikamwingiza mtu mpya, Stockton, ambaye kijiji kizima kinamhofu, ikamwaga ukungu, makaburi na macho ya kutisha, na fumbo la nyumbani likazama chini ya mapambo. Ukiuliza Holmes amefanya kazi gani humo kwa saa mbili, jibu halizidi sentensi moja.

“The Eligible Bachelor” ni mbaya zaidi, na nataka niseme kwa nini, maana wengi wanaishia kusema tu kwamba inachosha. Hadithi ya 1892 ni nyepesi na ya kuchekesha: bibi harusi wa Kimarekani anatoweka siku ya harusi yake na bwana mkubwa wa Kiingereza, kwa kuwa mume wake wa kwanza, aliyedhaniwa amekufa, amejitokeza. Hakuna mhalifu. Katika filamu bwana mkubwa amegeuzwa katili mwenye jumba linalooza na siri za wake waliotangulia. Hilo ningeweza kulivumilia. Lakini Holmes analala na kuota. Anaota picha za kutisha usiku baada ya usiku, anaamka ametota jasho, na ndoto hizo zinageuka kuwa ufunguo wa kesi. Anayajua mambo kwa sababu ameyaona usingizini.

Sisi tuliosomea Kiswahili tukiwa na vitabu vya Muhammed Said Abdulla mkononi tunaielewa khiyana hiyo haraka. Mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake, rafiki yake Najum pembeni akistaajabu. Jozi hiyo ni ndugu wa damu wa jozi ya Baker Street, na Abdulla hakujaribu kuficha undugu huo. Fikiria Bwana Msa, baada ya kurasa mia za vitanzi vya Unguja, anamgeukia Najum na kumwambia kwamba muuaji amemwota. Msomaji angekitupa kitabu dirishani. Mkataba wa hadithi ya upelelezi ni kwamba dalili zote ziko mezani, zangu na zako, na mpelelezi ametuzidi kuziona. Ndoto inauvunja mkataba huo. Na ndoto haikuandikwa na moyo wa Brett wala lithiamu. Iliandikwa mezani na mtu mzima wa afya, ikapitishwa na wakubwa wake, ikalipiwa. Wapo wanaosema ilikuwa namna ya kuutumia unyonge wa Brett, kumfanya Holmes naye awe mtu wa akili iliyovurugika. Nakubali kwamba ndiyo ilivyokuwa, na hapo ndipo ninapokasirika hasa. “The Devil's Foot” iliutumia unyonge uleule bila kumnyang'anya Holmes akili yake. Hapa wamemwachia unyonge wakachukua akili.

Mwaka 1994 walirudi kwenye saa moja. Hili watu hulisahau: baada ya filamu zile, Granada walifanya sehemu 6 fupi, na kwa maoni yangu mbili kati ya hizo zinastahili kukaa meza moja na za 1984.

Nyingine zina majeraha ya wazi. “The Golden Pince-Nez” ilitengenezwa wakati Hardwicke amebanwa na kazi ya filamu ya sinema, Watson hayupo, na mahali pake amewekwa Mycroft, kaka yake Holmes, aliyeigizwa na Charles Gray. Gray ni mwigizaji mzuri, lakini Mycroft kwa Doyle ni mtu asiyetoka kilabuni kwake. Uvivu wake ndio utu wake. Ukimpandisha treni kwenda mashambani kukagua kapeti, umemfuta. Kisha ikaja “The Mazarin Stone”, na safari hii aliyekosekana ni Brett mwenyewe, amezidiwa. Holmes anaonekana kidogo mwanzoni, kidogo mwishoni, na Mycroft anarudishwa kuziba pengo.

Hiyo ndiyo sehemu pekee ambayo naweza kusema kwa haki kwamba maradhi ya Brett yameiangusha, na hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwa sababu hadithi yenyewe ilikuwa dhaifu, waliichanganya na nyingine, “The Three Garridebs”. Katika hadithi hiyo Watson anapigwa risasi ya paja, na Holmes, kwa mara ya kwanza katika maisha yao yote pamoja, anatetemeka. Watson anaandika kwamba jeraha lile lilistahili, na mengi zaidi ya hilo yangestahili, ili kuona kina cha upendo nyuma ya uso ule wa baridi. Brett na Hardwicke walikuwa wameutengeneza urafiki huo kwa miaka minane, kidogo kidogo, kwa kutazamana, kwa kupeana koti. Ile ndiyo ilikuwa siku yao ya kuvuna. Mvunaji mmoja alikuwa kitandani hospitali.

Naomba nikae kidogo kwa Hardwicke, maana katika hesabu za miaka ya mwisho hasemwi vya kutosha. Watson wa Burke alikuwa kijana, mchangamfu, mwenye hasira za haraka. Watson wa Hardwicke ni mtulivu zaidi, mwenye mvi, anayesikiliza. Wapo wanaomtamani Burke hadi leo, siwalaumu. Lakini kadiri Brett alivyopungukiwa nguvu, kazi ya kubeba mwendo wa sehemu ilihamia kwa Hardwicke, naye aliibeba bila kujitangaza. Tazama sehemu za 1991 kama “The Illustrious Client”, jinsi anavyopokea habari kwamba Holmes ameshambuliwa barabarani. Hapaazi sauti. Anasimama tu barabarani na gazeti mkononi, na kitu kinamtoka usoni. Urafiki wa tamthilia hii umekomaa katika miaka ya mwisho, haukuchakaa, na anayezitupa sehemu zote za mwisho kwa pamoja anautupa na huo.

Sasa “The Dying Detective”, ile ya Mama. Fumbo lake ni jepesi na msomaji wa Doyle anajua hila tangu mwanzo. Kinachoifanya iwe kubwa ni kwamba hila imekaribiana mno na ukweli. Brett anacheza mtu anayecheza kufa. Muuaji Culverton Smith, aliyeigizwa na Jonathan Hyde, anainama juu ya kitanda na kumwonea raha, anamkejeli, anamweleza dalili zake moja moja kama mwalimu. Na mtu aliye kitandani anamwachia. Kisha sauti inabadilika. Ni sauti tu, mwili haujainuka bado, na ndani ya sauti hiyo umo wembe wote wa 1984. Nilimwangalia Mama wakati huo. Hakushangaa kwamba ni hila. Alishangaa mtu mwenye pumzi ile amezipata wapi nguvu za kusema vile.

Kuna njia mbili za kulihukumu tukio kama hilo vibaya. Moja ni kusema: maskini, tazama alivyonenepa, wangemwacha apumzike. Nyingine ni kusema: ni ushujaa mtupu, kwa hiyo ni kazi nzuri. Zote mbili zinamtazama mtu zikaacha kazi. Huruma ninayo, tena sana, lakini huruma haiwezi kuniambia kama muswada umesimama. Ukitaka kumtendea haki Brett, mpe heshima anayopewa mwigizaji mzima: uliza anafanya nini na alichopewa. Katika “The Eligible Bachelor” alipewa ndoto, akazicheza kwa moyo wote, na hazikusimama kwa kuwa hazikuwa na miguu. Katika “The Dying Detective” alipewa kitanda, akakifanya jukwaa.

Ya mwisho kabisa ni “The Cardboard Box”. Hadithi ni ya 1893, ya wakati Doyle bado ana moto, na hilo peke yake linathibitisha ninachosema kuhusu ghala. Mwanamke mpole asiye na adui anapokea kwa posta sanduku la karatasi, ndani yake chumvi, ndani ya chumvi masikio mawili ya binadamu. Granada wameihamisha kutoka joto la Agosti hadi majira ya baridi, siku za Krismasi, na mabadiliko hayo naona yamefaa: wivu wa ndoa ndani ya nyumba zilizopambwa kwa sikukuu unauma zaidi. Ciarán Hinds anamwigiza baharia Jim Browner, mwenye kuua, na hamfanyi zimwi. Anamfanya mume aliyepotea. Hakuna kilichorefushwa. Hakuna ndoto. Holmes anafuata fundo la kamba na chumvi ya sandukuni hadi mlangoni kwa mwenye kosa, kama zamani.

Kisha inabaki dakika moja. Kesi imekwisha, na Holmes anamuuliza Watson maana ya mzunguko huu wa mateso, ukatili na hofu ni nini, kwamba lazima uwe na lengo, na kwamba lengo hilo akili ya binadamu haijalifikia. Maneno ni ya Doyle. Brett anayasema polepole, anakatisha katikati kuvuta pumzi, na mwongozaji Sarah Hellings hakuikata ile pumzi. Angeweza. Ni kazi ya mkasi tu. Ameiacha, inasikika, na swali linakuwa la mtu anayeliuliza kwa ajili yake mwenyewe.

Nilimwekea Mama na hiyo, wiki iliyofuata. Alitazama hadi mwisho bila kusema, miwani imeshuka puani. Majina ya waigizaji yalipoanza kupanda akanyoosha kidole mahali Watson alipokuwa.

“Na huyu si ndiye daktari? Haoni?”

“Anaona, Mama.”

“Ndiyo maana anamtazama vile,” akasema, akaomba nimrudishie tena kutoka mwanzo.